Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Nyumbani kwetu kuku aliyenunuliwa mnadani hakuachiwa siku ya kwanza. Alifungwa kamba ya katani mguuni, ncha ya pili ikazungushwa kwenye shina la mpera, akawekewa maji kwenye kifuu na pumba za mahindi pembeni. Sisi watoto tuliambiwa sababu moja tu: asipofungwa atarudi kwao. Mimi kilichonivutia ni wenyeji wake. Nusu saa haipiti, tetea mwekundu, yule mkubwa mwenye upanga ulioangukia jicho la kushoto, anamfuata pale pale chini ya mpera na kumdonoa kisogoni. Mgeni akijibu, vita. Akiinamisha kichwa na kurudi nyuma mpaka kamba ikakaza, yameisha, na tetea wa pili naye anakuja kujaribu bahati yake. Siku tatu nne baadaye kamba ikifunguliwa, mgeni alikuwa ameshajua ampishe nani kwenye pumba na nani ampishe yeye.

Kuku wetu walikuwa kumi na mbili hivi, na watatu kati yao walifanana rangi kiasi kwamba hata mama alikuwa akiwachanganya. Wenyewe hawakuchanganyana hata siku moja. Walijuaje? Na walijuaje kwamba yule wa mpera hakuwa wao?

Maswali hayo mawili yanafanana, lakini si swali moja. Fikiria shule. Mlinzi wa getini anatazama sare: shati jeupe, kaptula ya buluu, pita. Hana haja ya kujua jina lako. Mwalimu wa darasa anakujua wewe hasa, anajua uliketi wapi mwaka jana na ulipigana na nani juzi. Mlinzi anajua "wa kwetu". Mwalimu anamjua "fulani". Ndege wengi wanaoishi kwa makundi wana kitu cha mwalimu. Wadudu wa jamii, yaani siafu na sisimizi, nyuki, mchwa na baadhi ya nyigu, kwa sehemu kubwa ni walinzi wa getini. Wapo wachache waliovuka mpaka huo, na utamu wa habari yote uko kwao, lakini tuanze bandani.

Mtu aliyeliandika jambo la kuku kitaalamu alikuwa Mnorwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alikuwa akitazama kuku tangu utotoni kama sisi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na daftari. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alieleza kwamba udonoaji wa kuku una utaratibu. Wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, na wa chini hathubutu kurudisha. Kilichonigusa zaidi katika maelezo yake ni kwamba mara nyingine ngazi hiyo hujikunja ikawa duara: mwekundu humtawala mweusi, mweusi humtawala wa madoa, halafu huyo wa madoa humtawala mwekundu. Lingekuwa suala la kutazama ukubwa wa mwili tu, duara lisingetokea. Kila mmoja lazima awe anakumbuka: huyu nilimshinda, yule alinishinda.

Mwaka 1953 watafiti wa Marekani, Guhl na Ortman, walitaka kujua kuku hutazama wapi. Wakabadilisha rangi ya manyoya ya baadhi ya kuku, wakabadilisha umbo la upanga wa wengine, kisha wakawarudisha kundini. Yaliyofanywa mkiani na mgongoni hayakuleta shida kubwa. Mabadiliko ya kichwa na shingo, na upanga hasa, ndiyo yaliyoleta fujo: kuku aliyeishi na wenzake miezi mingi alipigwa kama mgeni. Kwa hiyo kuku humsoma mwenzake usoni, kama sisi. Uwezo huo una kikomo chake. Katika mabanda ya biashara yenye mamia ya kuku, ngazi ile ya mmoja mmoja huvunjika, na kuku huanza kutumia alama za jumla: mwenye upanga mkubwa huheshimiwa hata na asiyewahi kukutana naye. Pale mwalimu anapozidiwa na idadi ya wanafunzi, anarudi kuwa mlinzi wa getini.

Kuna njia ya tatu ya kumpata wa kwako, nayo ni rahisi kuliko zote: kujua mahali. Ukikuta mtoto kitandani mwako usiku gizani, huna haja ya kuwasha taa kujua ni wako. Shakwe wa Ulaya wanaotaga chini kwenye mchanga wa pwani, aliowachunguza Mholanzi Niko Tinbergen, huwakubali vifaranga wowote katika siku za mwanzo. Siku ya tano hivi, vifaranga wanapoanza kuzurura, wazazi wanakuwa wameshawajua wao, na wa jirani akisogea hufukuzwa, mara nyingine huuawa. Lakini yupo shakwe mwingine, kitiweki, anayejenga kiota kwenye kijukwaa chembamba cha genge juu ya bahari. Kifaranga wake hawezi kutembea. Akipiga hatua mbili ameanguka majini. Esther Cullen alipowachunguza, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1957, alikuta kwamba ukimwekea kitiweki kifaranga wa mwingine, anamlea bila swali. Jicho analo na sikio analo. Haja ndiyo hana. Aliye kiotani mwake ni wake, basi.

Nimelikazia jambo hili la haja kwa sababu bila hilo yanayofuata yataonekana kama mkusanyiko wa maajabu ya wanyama, na maajabu ya wanyama yametuchosha.

Chukua pengwini. Wapo wanaojenga viota vya kokoto, na hao sauti zao za kuitana ni za kawaida. Mzazi akitoka baharini anaelekea kiotani kwanza, sauti inakuja kuthibitisha. Pengwini mfalme hana kiota kabisa. Yai hulalia juu ya miguu ya mzazi, na kifaranga akikua huachwa katikati ya halaiki ya vifaranga maelfu, wote wa rangi moja ya kahawia, wote wakilia. Mzazi anarudi kutoka baharini na chakula tumboni, anasimama ukingoni mwa umati ule, anaita. Hapo sauti pekee ndiyo kitambulisho. Koromeo la ndege lina matawi mawili, na pengwini huyu hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja, moja kwa kila tawi, zinazogongana na kufanya mtetemo ambao kila mmoja ana wake. Wafaransa Thierry Aubin na Pierre Jouventin walionyesha kwamba kifaranga huweza kuichomoa sauti ya mzazi wake hata ikiwa imefunikwa na kelele za majirani. Mwenye kuwahi kumsikia mama yake akimwita sokoni Jumamosi ataelewa.

Sauti inaweza pia kufundishwa. Nchini Venezuela kuna kasuku wadogo wa kijani ambao Karl Berg na wenzake, mwaka 2011, waligundua kwamba wazazi huwapa makinda milio yao ya utambulisho wangali kiotani, na makinda hao hukua wakiitumia, wakiibadilisha kidogo. Hata makinda waliohamishiwa kiota kingine walichukua milio ya wazazi walezi. Sioni ubaya wa kuliita hilo jina.

Huko Australia yupo ndege mdogo mwenye rangi ya buluu ambaye jike huimba akiwa bado anaatamia. Makinda wakianguliwa, kilio chao cha kuomba chakula hubeba kipande cha wimbo ule. Utafiti wa Diane Colombelli-Négrel na Sonia Kleindorfer wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ni neno la siri dhidi ya kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya watu kisha akaenda zake. Kinda wa kekeo huanguliwa mapema, hajapata muda wa kutosha wa kulisikia somo. Analia kwa lafudhi mbaya, na wazazi huenda wakamsusa.

Sasa Laikipia, kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya. Kanga ninayemsema hapa si yule wa madoa tuliyemzoea. Huyu ana kichwa kitupu kama cha tumbusi, manyoya marefu ya shingoni yenye mistari myeusi na myeupe, na kifua cha buluu inayong'aa kama shanga. Hutembea kwa makundi, akiparura ardhi. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Danai Papageorgiou, Damien Farine na wenzao waliwavisha ndege zaidi ya 400 pete za rangi miguuni, kila mmoja na mpangilio wake, na katika kila kundi wakawafunga baadhi vifaa vya GPS. Makundi yalikuwa 18, dogo likiwa na ndege 13, kubwa 65.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Makundi yale yalidumu. Yalikutana na mengine kisimani, yalichanganyika, mara nyingine yalilala kwenye miti ile ile usiku, lakini kulipokucha kila ndege alishuka na kuondoka na watu wake. Zaidi ya hapo, makundi yenyewe yalikuwa na urafiki. Kundi hili lilitafutana na lile na kuliepuka jingine, mwaka mzima. Jamii ya tabaka juu ya tabaka namna hiyo ilikuwa ikihesabiwa kuwa ya nyani, tembo, nyangumi na binadamu, wanyama wenye bongo kubwa. Kanga ana ubongo mdogo hata kwa kipimo cha ndege.

Hebu jiweke mahali pa kanga mmoja saa kumi na mbili alfajiri juu ya mgunga. Pembeni yako wamelala mia moja, wote wamevaa sare moja, kwa maana hakuna kundi lenye rangi yake. Unashuka. Utamfuata nani? Mimi sioni njia nyepesi ya kulitatua hilo pasipo kuwajua wenzako angalau baadhi yao, mmoja mmoja, na kuwategemea wao wawajue wengine. Kwenye nyika hiyo hiyo yupo kwezi, yule mwenye tumbo la rangi ya chungwa anayeokota makombo kwenye meza za watalii. Kwake njia ilipatikana: Sara Keen, Dustin Rubenstein na mwenzao walipochambua mlio anaoutoa akiruka, walikuta umebeba utambulisho wa ndege mwenyewe na wa kundi lake pia. Undugu wa damu haumo. Sare na jina katika mlio mmoja.

Kunguru nawataja kwa kupita tu, maana habari zao zimeshasimuliwa sana. Mwaka 2006 John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alikamata kunguru saba akiwa amevaa barakoa ya mtu wa mapangoni. Akawaachia. Tangu hapo kila aliyepita chuoni na barakoa ile alizomewa, na zaidi ya miaka kumi baadaye walikuwapo kunguru waliozomea ambao hawakuwahi kukamatwa, wengine hawakuwa hata wamezaliwa. Chuki ilikuwa imerithishwa.

Tushuke chini kwenye mchanga.

Sisimizi hana uso wa kutazamwa, na mwanga kichuguuni hakuna. Alicho nacho ni mafuta. Mwili wake umefunikwa utando mwembamba wa nta unaozuia maji yasimpotee, na ndani ya utando huo mna aina kadhaa, mara nyingi makumi, za haidrokaboni, yaani kemikali za mafuta zilizoundwa kwa kaboni na hidrojeni. Sisimizi wa spishi moja wana viungo vile vile. Kinachotofautisha kichuguu na kichuguu ni vipimo. Ni kama pilau. Iliki, mdalasini, bizari na karafuu ni zile zile mtaa mzima, lakini ukiwa umefumba macho unajua hii ni ya nyumba gani. Wakikutana, sisimizi wawili hupapasana kwa vipapasio sekunde moja au mbili, na hukumu imetoka.

Harufu hiyo si ya mtu binafsi. Hulambana, hulishana mdomo kwa mdomo, na kila mmoja ana tezi nyuma ya koo inayokusanya mafuta hayo, kuyachanganya na kuyarudisha. Kazi za Abraham Hefetz na wenzake nchini Israeli katika miaka ya 1990 ziliufuatilia mzunguko huo kwa kemikali zenye alama: walichompaka mmoja kilionekana kwa wenzake baada ya muda. Kichuguu kizima kinapika chungu kimoja. Sisimizi aliyetengwa siku nyingi hupoteza ladha ya nyumbani, na akirudi anaweza kupokelewa kwa meno.

Na kuna jambo ambalo watu wengi huligeuza. Tungedhani sisimizi hunusa harufu ya nyumbani, akaitambua, akasema karibu. Mwaka 2005 Mamiko Ozaki na wenzake nchini Japani walipima kijinywele kwenye kipapasio cha aina moja ya sisimizi. Kikiguswa na mafuta ya mwenzake wa nyumbani, kimya. Kikiguswa na mafuta ya mgeni, neva zinalipuka. Yaani wa nyumbani hanuki kitu. Ndivyo ilivyo hata kwetu: hakuna anayesikia harufu ya nyumba yake mwenyewe, ila ukiingia kwa jirani mlango tu unakuambia wamekaanga dagaa jana.

Kwa kuwa kitambulisho ni mafuta, kinaweza kuchafuliwa. Mwaka 2000 Dangsheng Liang na Jules Silverman, huko Marekani, waliwalisha sisimizi wa Argentina mende wa aina fulani wenye mistari ya kahawia. Mafuta ya mende yakawahamia. Waliporudishwa kwa wenzao, waliokuwa kundi moja siku chache nyuma, walishambuliwa. Hakuna aliyebadilika damu wala tabia. Walikuwa wamekula mende tu.

Jaribio la zamani zaidi ni la Edward Wilson na wenzake, la mwaka 1958. Sisimizi akifa, kwa siku moja mbili wenzake humpita kana kwamba yuko mapumzikoni. Mwili ukianza kuoza hutoa asidi ya oleiki, na hapo hubebwa jalalani. Wilson alimpaka asidi hiyo sisimizi mzima. Wenzake wakambeba. Alikuwa akitupa miguu na kujinyonganyonga, wakamtupa juu ya maiti. Akajifuta, akarudi nyumbani, akabebwa tena. Mpaka alipotakata ndipo alipohesabiwa kuwa hai. Mlinzi wa getini anasoma sare, na sare ikisema maiti, wewe ni maiti.

Udhaifu huo una wanaoutumia. Wapo sisimizi wanaoishi kwa kuvamia vichuguu vya wengine na kuiba mabuu yaliyokaribia kuanguliwa. Sisimizi mchanga hutoka akiwa karibu hana harufu, hukubaliwa popote, na huijifunza ile anayoikuta. Anaanguliwa ndani ya nyumba ya mtekaji, anaiita kwao, anafanya kazi humo mpaka kufa.

Siafu nao wana yao. Caspar Schöning, Daniel Kronauer na wenzao waliwaondoa malkia katika baadhi ya makundi ya siafu wa Afrika Mashariki, wale wale wanaotutoa kitandani usiku wa mvua. Siafu hawawezi kumlea malkia mpya kila wanapotaka. Mara nyingi kundi lililofiwa lilihama na kujiunga na la jirani, ingawa hawakuwa ndugu wa karibu, na likapokelewa. Harufu zikachanganyika haraka ikawa moja. Kwa wadudu ambao sifa yao ni kung'ata bila kuuliza, hayo ni mapokezi ya kushangaza.

Majimoto si wapole hivyo. Hawa ni wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe na mkarafuu kwa hariri ya mabuu yao. Aliyewahi kupanda mwembe pwani anawajua kwa makovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Michael Way aliwachunguza Zanzibar kwenye minazi na mikarafuu, maana huwala wadudu wanaoharibu nazi changa. Baadaye, katika miaka ya 1970, Bert Hölldobler na Wilson waliwafuata Shimba Hills, Kenya. Walikuta kwamba kundi moja humiliki miti mingi na kuipaka alama za kinyesi kama mtu anavyopiga mbao za "shamba hili haliuzwi". Mgeni akikanyaga alama zisizo zake husitasita, mwenyeji hupigana kwa kujiamini. Kati ya eneo na eneo hubaki ukanda mwembamba usio na mwenyewe.

Hapa ndege na majimoto wanaachana njia. Ndege wengi wenye maeneo huwa wapole kwa jirani waliyemzoea na wakali kwa mgeni. Jirani ana shamba lake, mgeni analitafuta. Renee Godard alionyesha mwaka 1991 kwamba kuna ndege wa Amerika Kaskazini ambaye humkumbuka jirani wa mwaka jana kwa wimbo wake hata baada ya wote kwenda kukaa Amerika ya Kati miezi kadhaa na kurudi. Kwa majimoto wa Australia, ndugu wa hawa wetu, Philip Newey na wenzake walikuta kinyume mwaka 2010: jirani ndiye anayechukiwa zaidi. Ukifikiri vizuri si ajabu. Mgeni mmoja aliyepotea atakufa njiani; jirani ana jeshi, na mpaka mnaogombea ni huo huo kila siku.

Nyuki wana faida kwetu kwa sababu wafugaji wameijua siri hii kwa mikono muda mrefu. Mlangoni mwa mzinga husimama walinzi wanaomnusa kila anayetua. Sehemu kubwa ya harufu wanayoitafuta hutoka kwenye nta ya masega, na mwaka 2020 Cassondra Vernier na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa tumboni mwa nyuki nao wana mkono katika kuitengeneza. Nyuki aliyetoka tu kwenye seli anapita mzinga wowote. Anayewinda asali ya watu hapiti, ingawa aliyepotea njia akatua amebeba mzigo wa asali mara nyingi huachwa aingie. Rushwa hiyo inajulikana.

Mfugaji akiwa na mizinga miwili dhaifu ya masanduku na akataka kuiunganisha, akiimwaga pamoja atapata vita na maiti. Kwa hiyo anaondoa malkia mmoja, halafu jioni anafungua mzinga wa chini, anatandika gazeti juu ya fremu, anatoboa vitundu viwili vitatu kwa ncha ya msumari, na juu yake anaweka sanduku la pili. Nimemshuhudia mzee mmoja akifanya hivyo na ukurasa wa michezo. Usiku kucha unasikia mchakato wa karatasi ikitafunwa pande zote mbili. Inapokwisha, harufu zimekwishapenya kupitia vitundu, na wanaokutana katikati hawaoni mgeni. Asubuhi ya pili chini ya mlango palikuwa na rundo la vipande vya karatasi kama makapi ya mpunga. Malkia mpya huletwa kwa hila iyo hiyo: anafungiwa kwenye kijumba cha wavu chenye kizibo cha sukari, na mpaka watakapokuwa wameila sukari yote atakuwa amenukia kama wao. Ni kamba ya mguuni ya nyuki.

Mpaka hapa wadudu wote ni walinzi. Waliovuka ni wachache. Kuna sisimizi wa Amerika ambao malkia kadhaa huanzisha kichuguu pamoja, na Patrizia d'Ettorre na Jürgen Heinze walionyesha mwaka 2005 kwamba malkia hao hujuana mmoja mmoja kwa harufu. Na yupo nyigu wa Amerika Kaskazini, *Polistes fuscatus*, anayejenga kiota cha karatasi chini ya mapaa. Majike kadhaa huanza kiota pamoja, na kila mmoja angetaka kuwa ndiye anayetaga. Wanapigana, wanapangana ngazi kama kuku. Sura zao zina mabaka ya njano, meusi na mekundu yasiyolingana, kila mmoja na yake.

Michael Sheehan na Elizabeth Tibbetts waliwafundisha nyigu hao, katika utafiti uliotoka mwaka 2011, kuchagua kati ya picha mbili ili kukwepa sakafu yenye shoti ndogo ya umeme. Picha za nyuso za nyigu walizijifunza haraka kuliko picha za viwavi, ambao ndio chakula chao, na kuliko maumbo ya kawaida. Uso ule ule ukifutwa vipapasio, wakashindwa kuujifunza vizuri. Nyigu wa spishi ya karibu, ambaye jike wake kwa kawaida huanza kiota peke yake na hana wa kugombania naye ngazi, hakuonyesha kipaji hicho. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2008, majike waliokutana mara moja, wakatenganishwa wiki nzima na kuishi na wengine kumi, walikutana tena bila ukali wa mara ya kwanza.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilitangulia hayo yote. Mwaka 2002 Tibbetts alichukua brashi na rangi, akabadilisha mabaka ya usoni ya baadhi ya nyigu. Wengine akawapaka rangi vile vile bila kubadilisha mwonekano, ili asije akailaumu rangi yenyewe. Akawarudisha viotani mwao. Waliobaki na sura zao walipokelewa kama walivyotoka. Waliobadilishwa sura walikuwa bado wananukia nyumbani, na nyigu mgeni kabisa angefukuzwa mlangoni. Hawa hawakufukuzwa. Waliachwa waingie, kisha wakaanza kupigwa upya kama ambao hawajawahi kupewa nafasi yao katika ngazi.